Watu Waliokaa Juu ya Mpunga

Juzi mjukuu wangu alikuwa ananirudisha nyumbani kutoka maziko, kwa gari lake dogo, mimi nikiwa kiti cha nyuma pamoja na mwanawe wa mwisho. Tulipokaribia Mang'ula mbwa mweupe akachomoka kwenye migomba. Mjukuu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mkanda ulinibana kifua hadi nikakosa pumzi, mtoto akapiga paji la uso kwenye kiti cha mbele na kuanza kulia, na nyuma yetu basi likapiga honi ndefu, likayumba, likatupita kwa upana wa kiganja. Mbwa alikuwa amekwisha kufika ng'ambo, anajikuna.

"Samahani, Bibi," mjukuu wangu alisema. "Nisingeweza kumgonga. Ana roho yule."

Harufu ya breki zilizoungua ilikuwa imeingia dirishani, na mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka ndani ya gari lile. Nilikuwa nimekaa katika kichwa cha lori la baba, miguu yangu haifiki chini, vumbi likinikwaruza meno, na juu yetu watu wanaimba.

Baba yangu alikuwa dereva. Siku zile neno hilo lilitosha kuwa jina. Kutoka Ifakara hadi Sanje hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo; watoto walimwamkia "Shikamoo, Dereva," na mama alipokwenda kisimani aliitwa mke wa Dereva. Lori halikuwa lake, lilikuwa la mfanyabiashara wa mpunga, lakini baba aliliosha kama mtu anayeosha farasi. Kabla ya kuliwasha alifanya ishara ya msalaba, kisha akaugusa usukani kwa vidole vilevile, kana kwamba baraka inaweza kupita mkononi na kuingia kwenye chuma.

Ninyi wa rika langu mliokulia bondeni mnakumbuka safari za wakati wa kiangazi, mpunga ukishavunwa. Magunia yalipangwa hadi yakapita urefu wa kichwa cha lori, na juu ya magunia walipanda watu, mikeka, kuku, ndizi na vikapu vya samaki wakavu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na nilitapika nikikaa juu, niliwekwa ndani kwa baba. Dada yangu Felista alikaa juu. Alikuwa msichana mkubwa, amekwisha kumaliza masomo ya masista na posa yake imeletwa, na aliwapenda watu na upepo. Mahali pake palikuwa mbele kabisa, kwenye ukingo wa magunia, miguu ikining'inia na kukanyaga paa la kichwa cha lori. Wasichana wote walipapenda pale. Alipoimba alipiga mdundo kwa visigino, na mdundo ule ulitua juu ya vichwa vyetu, mimi na baba, safari nzima. Baba alikuwa akitazama juu na kutabasamu. Ningelikuwa na akili ya leo ningeliogopa tabasamu lile.

Sasa niwaeleze habari ya mbwa.

Mpunga wa bonde lile ulilindwa na mbwa. Mtu aliweza kulala juu ya dungu lake mwezi mzima akipiga debe, lakini nguruwe wakiamua kuingia shambani, ni mbwa tu aliyeweza kuwatoa. Na mavuno yakiisha, watu waliwasha moto kwenye majani makavu, wakatega nyavu, wakawinda nguruwe walewale waliokula mpunga. Mwindaji aliwaita mbwa wake kwa kupuliza pembe ya kuro, yule paa mkubwa wa kando ya maji. Mbwa wa kwetu alifundishwa tangu alipokuwa mtoto: ukisikia sauti nzito ya pembe, acha kila kitu, kimbia uelekee inakotoka.

Honi ya lori la baba ilikuwa na sauti nzito.

Kila mtu alilijua jambo hilo na kila mtu alilicheka. Madereva wageni waliokuja kutoka Kilosa walipiga honi kuwafukuza mbwa, na mbwa wakawajia mbio kutoka kila upande, mikia juu, kama watoto wanaoitwa kula. Walikufa wengi. Baba hakupiga honi. Akiona mbwa, alifunga breki. Alifunga papo hapo, kwa mguu wote, hadi lori likainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Mbwa akapita. Baba akasema, "Nenda salama," akabadilisha gia, tukaendelea.

Na kulikuwa na desturi, sijui kama wenzangu wa pande nyingine waliijua: aliyeokoa mbwa wa mwindaji alipelekewa mguu wa nguruwe wa kwanza atakayeuawa na mbwa huyo. Basi nyumbani kwetu Ifakara nyama ilifika mara kwa mara, imefungwa kwa majani ya migomba, na salamu juu yake: "Mwambieni Dereva asante, mbwa wangu yu hai." Mama alikuwa akiipokea, akaikausha juu ya moshi. Watu walimsifu baba kanisani. Mtu mwenye utu, walisema. Hata mnyama anamhurumia.

Nami katika akili yangu ya utoto nilijenga jambo langu. Masista walitufundisha kwamba Mungu anaona kila tendo jema na kwamba halipotei. Nilikata shauri kwamba anawaona mbwa wa baba mmoja mmoja, na kwamba kwa kila mbwa aliyepona, mtu mmoja wa nyumba yetu amewekewa ulinzi mbinguni. Nilipoona mbwa barabarani sikuogopa. Nilifurahi. Breki zilipolia na kichwa changu kikagonga mbao za mbele, nilijisemea: huyo ni wa mama, huyo ni wa Felista.

Lakini juu ya magunia mambo yalikuwa mengine.

Alikuwapo mama mmoja wa Kiislamu, Bi Mwajuma, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alipeleka kambale Sanje na kurudi na ndizi, na hakuna safari aliyoikosa. Siku moja baba alifunga breki kwa ajili ya mbwa, na mtungi wa Bi Mwajuma ukaruka ukapasukia barabarani. Aliinama kutoka juu, ushungi umemwangukia puani, akapiga paa kwa ngumi.

"Dereva! We Dereva!"

"Naam, Bi Mwajuma."

"Huyo mbwa umemuuliza anakwenda wapi? Au nishuke nimuulize mimi?"

Watu wakacheka.

"Nisamehe, mama. Angekufa."

"Nimekusamehe. Mimi mguu huo wa nguruwe siuli, dini yangu hainiruhusu, lakini kiuno changu ndicho kinachoulipia!"

Walicheka hadi wakashikana. Baba naye alicheka. Mimi nilicheka kwa kuwa wakubwa wamecheka. Safari nyingine, breki zilipofungwa, mzee mmoja aliyekuwa anavuta kiko alikiuma kikavunjikia mdomoni, akatema damu njia nzima hadi Ifakara. Siku ile walicheka wachache.

Jioni yake mama alikuwa anakata nyama iliyoletwa, nami nachambua mchele karibu naye. Baba aliingia, akamweleza habari za yule mzee.

Mama hakuinua macho. "Mume wangu, iko siku."

"Siku gani?"

"Iko siku tu. Unawaona walio mbele yako. Walio nyuma huwaoni."

"Mbwa ni kiumbe cha Mungu," baba alisema kwa upole. "Na mwenye mbwa ana watoto wanaokula kwa sababu ya mbwa yule."

"Ndiyo. Na waliopanda juu ya mpunga, ni viumbe vya nani?"

Baba alinawa mikono akaenda kukaa nje. Nilimwona mama amemkosea, maana nilijua yeye hajui habari za ulinzi wetu mbinguni. Nilitaka kumweleza. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani jambo zuri la siri likisemwa linapungua.

Mwaka ule moto wa kiangazi uliwashwa mapema. Kuanzia mwanzo wa Agosti moshi ulilala juu ya bonde lote, milima ya Udzungwa ikapotea nyuma yake, na jua likawa jekundu mchana kweupe. Majivu meusi yalielea hewani na kuangukia uji wetu. Mimi na Felista tulikuwa Sanje kwa babu kusaidia kupepeta mpunga, na baba alikuja kutuchukua katika mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ili tusali nyumbani. Lori lilijaa kuliko siku zote. Kila aliyekuwa na nguo safi alikuwa anakwenda Ifakara kusali.

Bi Mwajuma alikuwapo pia, na ndizi zake. Kabla ya kuondoka nilimsikia akiwaambia wasichana, "Teremkeni hapo ukingoni. Kaeni ndani, migongo yenu ielekee mbele. Leo moshi mwingi."

"Bi Mwajuma, ndani kuna kuku," Felista alisema. "Watanichafua, na mchumba wangu atakuwapo kanisani."

"Basi mpende kuku kwanza, mchumba baadaye."

Wasichana wakacheka, wala hawakuteremka. Baba alikuwa anazunguka lori akipiga matairi teke. Alisikia. Alitazama juu, akamwona binti yake na khanga yake nyekundu mpya, akasema tu, "Shikilia kamba, Felista." Kisha ishara ya msalaba, kisha usukani.

Tulikwenda. Moshi ulikuwa pande zote mbili za barabara, na mahali pengine ulivuka barabara ukawa kama pazia. Baba alikuwa amesogea mbele kitini. Kutoka kwenye majani nilisikia pembe, mbali, halafu nyingine iliyokuwa karibu zaidi. Nilisikia njuga, zile ambazo wawindaji huwafunga mbwa shingoni. Juu yetu walikuwa wanaimba wimbo wa Mama Maria, na visigino vya Felista vilifuata wimbo.

Mbwa alitoka upande wa kushoto, mwekundu, mwembamba, ulimi nje, akikimbia kuelekea kwenye pembe. Hakututazama hata kidogo. Nilifurahi. Nilijisemea: huyo ni wa Felista.

Baba akafunga breki.

Wimbo ukakatika. Magunia yalisogea yakagonga ukuta nyuma ya kichwa changu kwa kishindo kama cha mtu anayetaka kuingia. Nikaona kitambaa chekundu kikipita mbele ya kioo, kutoka juu kwenda chini. Nilidhani khanga ya Felista imepeperuka. Niliwaza hata atakavyosikitika kwamba ni mpya na imeanguka vumbini. Nikamgeukia baba nimwambie tushuke tuiokote.

Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mguu wake umenyooka juu ya breki, na uso wake ulikuwa uso wa mtu nisiyemjua.

Watu walianza kupiga kelele. Walishuka kwa kuanguka, wengine wanachechemea, mtoto wa mtu analia. Walikusanyika mbele ya lori, wakainama. Baba hakutoka. Mtu alikuja akagonga mlango wake.

"Dereva, shuka!"

"Lori litamkanyaga," baba alisema. "Nikitoa mguu litamkanyaga."

"Limesimama, Dereva. Mahali hapa ni tambarare. Toa mguu."

"Siwezi."

Bi Mwajuma alifungua mlango wa upande wangu, akapita juu ya mapaja yangu, akavuta breki ya mkono yeye mwenyewe. Alikuwa amemwona baba akifanya hivyo miaka mingi. Damu ilimtoka sikioni. Akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mwanao anapumua, baba. Njoo umbebe."

Ndipo akatoa mguu.

Felista alikuwa amelala ubavu mbele ya gurudumu, macho hayakufumba vizuri, paja limepinda mahali pasipo na kiungo. Walimtandikia mikeka juu ya magunia. Bi Mwajuma alimpakata kichwa. Baba akarudi kwenye usukani kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuendesha. Aliendesha hadi Ifakara kwa mwendo wa mtu anayepeleka maiti, na nilijua anasikiliza juu, kama nilivyokuwa nasikiliza mimi. Hapakuwa na sauti yoyote.

Katika hospitali ya misheni daktari Mzungu, mtu mnene mwenye macho mekundu ya usingizi, alimshughulikia kwa muda mrefu. Mguu aliuweza. Kichwa, alisema, si kazi yake, tusubiri. Felista alilala asiamke. Kengele za sikukuu zilipigwa, tukasikia maandamano yakipita na nyimbo, tukabaki kwenye baraza ya hospitali, mama anazungusha rozari, baba amekaa sakafuni mgongo ukutani. Siku zilifuata. Mchumba alikuja mara mbili na mama yake, halafu hakuja tena.

Mimi peke yangu sikulia. Nilijua jambo wasilolijua. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamkumbusha Mungu, mbwa mmoja mmoja: yule mweusi wa Kibaoni, yule mwenye mkia uliokatika, mama mbwa na watoto wake pale darajani. Wote wako hai, nilimwambia. Wewe uliwaona. Basi mwamshe.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilidhani atanisifu. Alipiga magoti, akaniviringisha kwenye khanga yake.

"Mwanangu, nani alikuambia Mungu anabadilishana na sisi mbwa kwa watu?"

"Hakuna mtu."

"Basi usimwambie hivyo. Omba tu. Mwombe kama mtu asiye na kitu mkononi."

Ndipo nikaogopa. Hadi leo sijapata hofu iliyo kubwa kama ile. Nilitazama mikono yangu, na kweli haikuwa na kitu, na Felista alikuwa amelala pale, na ukuta wa ulinzi niliodhani umejengwa mbinguni haukuwapo na haukuwahi kuwapo. Kama si mikono ya mama siku ile, nadhani nisingesali tena. Namshukuru Mungu kwamba alinivunjia ukuta ule nikiwa bado mdogo na nina wa kunishika.

Katika siku hizo za kusubiri alifika Mzee Kaspari.

Alikuwa mwindaji, mtu wa karibu na Sanje, amevaa kanzu yake ya kanisani, na amebeba mguu wa nguruwe katika majani ya migomba. Alikuwa amepitia nyumbani kwetu, akaambiwa tuko hospitalini, akadhani tumekuja kumtazama mgonjwa. Alikuja kwa furaha.

"Tumsifu Yesu Kristu, Dereva!"

"Milele amina," baba alijibu bila kusimama.

"Nilikuwa ndani ya majani, sikuona, nilisikia breki tu. Mbwa wangu mwekundu! Nimemlea kwa mkono. Jana akakamata dume lenye pembe za mdomo hivi. Nikasema, mguu huu sitampa mtu mwingine, naubeba mwenyewe."

Akauweka ule mguu sakafuni mbele ya baba. Damu ya nyama ilikuwa imepenya majani. Mzee Kaspari alitutazama mmoja mmoja, furaha ikimtoka usoni polepole, kisha akatazama ndani ya mlango, akamwona Felista.

"Ni breki ile?" aliuliza.

Mama aliitikia kwa kichwa.

Alikaa chini, na kanzu yake nyeupe, palepale sakafuni. Halafu akasema, "Dereva, ungemgonga tu."

Baba aliinua uso.

"Ungemgonga. Ningelia siku moja, nikatafuta mwingine. Mbwa huzaa."

"Miaka yote mliniletea nyama," baba alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kama mpunga. "Mlinisifu. Hakuna aliyeniambia hivyo."

"Nani anamwambia mtu aache wema?" Mzee Kaspari alijifuta macho kwa kiganja. "Nami nina langu. Nilisikia lori linakuja. Mbwa alikuwa ng'ambo ya barabara. Nikasema, ni Dereva yule, atasimama. Nikapiga pembe."

Bi Mwajuma, aliyekuwa anatuletea uji kila siku, kitambaa kimefungwa sikioni, alisema kutoka ngazini, "Na mimi niliwaambia wasichana mara moja, wakanifanyia mzaha, nikanyamaza. Ningewavuta kwa masikio."

Nilisubiri mtu aseme kosa ni la nani. Niliwatazama midomo. Shuleni kosa lilikuwa la mtu mmoja, akasimama, akachapwa, likaisha. Pale barazani kila mmoja alichukua kipande chake akakaa nacho, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Mguu wa nguruwe ulibaki katikati yao. Mwishowe mama aliuchukua akawapelekea wagonjwa wasio na ndugu.

Felista aliamka asubuhi moja mama akimpangusa uso. Aliomba maji. Mama alitoka barazani mbio, kitambaa kinamdondoka maji mkononi, akabaki ananyoosha kidole. Baba aliingia kwa magoti. Sitaandika zaidi, kuna furaha ambazo mtu huzihifadhi kwa ajili ya sala.

Lakini hakurudi kuwa yule. Mguu uligoma kukunjika, sikio la kushoto halikusikia tena, na posa ilirudishwa kimyakimya. Kwanza baba alikataa kuendesha. Alikwenda kuungama, padre alimwambia nini ndani ya kitubio sijui, ila alitoka akaenda moja kwa moja kwa fundi seremala. Alitengenezesha ubao mrefu, mzito, akaufunga kwa minyororo mbele ya magunia, na magunia yenyewe akayapunguza hadi yakawa chini ya ubao. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alisimama uani pa kanisa, kofia mkononi, akawaambia wawindaji.

"Nikiona moshi nitakwenda polepole. Nikisikia pembe nitakwenda polepole zaidi. Lakini mbwa akinitokea ghafla, sitasimama ghafla tena. Nimebeba watu. Nawaambieni leo ili msije mkasema sikuwaambia."

"Kwa hiyo mbwa wetu si kitu tena?" kijana mmoja aliuliza kwa hasira.

"Ni kitu," baba alisema. "Ndiyo maana nimekuja kuwaambia."

Mzee Kaspari akajibu kwa niaba yao. "Tumesikia, Dereva." Lakini wengi waliondoka bila kumuaga, na nyama haikuja tena.

Watu walimnung'unikia pia. Abiria waliambiwa wakae chini, migongo kwenye ubao, na aliyebisha alibaki Sanje. Malori mengine yalitupita, vijana wakipunga mikono juu ya magunia. "Dereva amezeeka!" walipiga kelele. Mimi ndani nilikaa nimekaza mwili wote. Nilijua siku ile itakuja. Kila kivuli kilichokatiza barabara kilikuwa ndiyo hiyo.

Ilikuja mwaka uliofuata, moshi ulipolala tena juu ya bonde, katika safari ya kwanza ya Felista tangu alipoanguka. Mama hakutaka aende. Felista alisema, "Nikiogopa leo nitaogopa daima," na baba alimbeba mwenyewe kumpandisha. Alimketisha mgongo kwenye ubao, kati ya Bi Mwajuma na mama mmoja mwenye mtoto wa kunyonya. Akashuka, akapanda tena, akaujaribu mnyororo, akashuka.

Mbali kidogo na Sanje, mahali penye mashamba pande zote mbili, baba alikuwa amekwisha kupunguza mwendo kwa ajili ya moshi. Mbwa alitoka kwenye mabua ya mpunga, karibu mno, wa kahawia, mnene, mbwa wa nyumbani tu. Nilitazama mguu wa baba. Uliruka. Ulikwenda hadi juu ya breki, nao ukasimama pale, haukukanyaga. Nyuma ya ukuta nilisikia sauti ya Felista akimwimbia yule mtoto mchanga. Baba alifumba mdomo. Mikono yake ilishika usukani ukabaki umenyooka.

Nilisikia kishindo kidogo chini ya sakafu, chini ya nyayo zangu.

Ndipo akakanyaga, polepole, kama mtu anayeweka yai chini, na lori likaenda likapungua, likapungua, hadi likasimama mbele sana. Juu hapakuanguka hata kikapu.

"Kuna nini, Dereva?" Bi Mwajuma aliuliza.

"Nimeua mbwa," baba alisema. Alivua kofia, akashuka, akarudi nyuma kwa miguu. Alimwinua yule mbwa kwa mikono miwili, damu ikamchafua shati. Katikati ya shamba kulikuwa na nyumba ya nyasi na mwanamke amesimama mlangoni, mkono juu ya macho, anatazama barabarani.

"Baba!" Felista aliita. "Ningoje. Nakuja nawe."

"Kaa hapo, mwanangu. Ni mbali."

"Nishusheni," Felista aliwaambia watu, nao wakamshusha, wakampa fimbo yake.

Hakuna aliyesema tunachelewa. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wanahema midomo wazi, na watu wote walisimama juu ya magunia wakiwatazama wakivuka shamba, baba amebeba, Felista akichechemea katika mabua, na baba akisimama kila mara kumngoja.

Hatukusikia walichosema. Tulimwona baba akiweka mzigo wake chini na kuinamisha kichwa. Mwanamke alipiga ukunga mmoja, akapiga magoti, akamgusa mbwa wake shingoni. Kisha akainua macho, naye hakumtazama baba. Alimtazama Felista, mguu ule uliogoma na fimbo, akautazama kwa muda mrefu. Akasimama, akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa na jembe na kigoda. Jembe alimpa baba. Kigoda akakiweka kivulini, akakipangusa vumbi kwa ncha ya khanga yake, akamshika Felista mkono, akamketisha.